UZI: Kutoa michoro yako binafsi hadharani, kuanzia karatasi hadi skrini, printi na ukutani

Wino_Mweusi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mchoro ukiwa mezani unapendeza. Ukiuweka mtandaoni umepauka, umepinda pembeni, na kivuli cha simu kimelala juu ya uso wa mtu uliyemchora. Anayepita mtandaoni hana namna ya kujua kwamba kazi halisi ni nzuri, maana anachokiona ni ile picha tu. Ndiyo maana nasisitiza: picha ya mchoro ihesabu kuwa sehemu ya mchoro wenyewe, uitolee jasho lile lile. Nalenga zaidi kazi za mkono kwenye karatasi, yaani penseli, wino na rangi za maji. Mnaochora kwa tableti mtakuta yenu kwenye rangi, saizi na kuprinti.

Tuchukue mchoro mmoja tuufuate mpaka mwisho. Ni muuza kahawa, karatasi ya A4 ya gramu 300, mistari ya wino usioyeyuka kwa maji, juu yake rangi za maji. Ana birika mkono mmoja na vikombe mkono wa pili. Amevaa kanzu. Weupe wa kanzu ni karatasi yenyewe, na mikunjo yake imepakwa buluu ya kijivu nyepesi sana, rangi kidogo maji mengi. Nimeuchagua huu kwa sababu ile mikunjo ndiyo inayopotea kwanza hatua yoyote ikikosewa.

Kabla ya yote, chagua. Kazi 8 hadi 12 zinatosha kuanzia, na ziwe na undugu: mada moja, au mkono mmoja wa rangi, au karatasi za saizi moja. Kazi 40 zisizofanana humwacha mtazamaji bila jibu la swali lake la kwanza, kwamba huyu mtu anachora nini. Weka kando ulichonakili kutoka kwenye picha ya mpigapicha mwingine, na weka kando kazi za oda ambazo mteja hajazitoa bado.

Sasa kuskani.

Mchoro ulale usiku mzima ukauke. Pwani, msimu wa mvua, karatasi nene huonekana kavu juu huku ndani bado ina unyevu. Futa mistari ya penseli, na vumbi la ufutio liondoe kwa brashi laini. Ukilifuta kwa kiganja, mafuta ya mkono yanaacha alama ambayo skana inaiona hata kama wewe huioni. Kama karatasi imejikunja kwa sababu ya maji, ilowanishe kidogo mno kwa nyuma kwa sponji, iweke katikati ya karatasi nyeupe safi mbili, juu weka ubao na vitabu vizito, iache siku moja au mbili. Hii ni kwa wino usioyeyuka tu. Wino wa kalamu za kawaida utatambaa.

Skana iwe ya kioo bapa. Usipitishe mchoro kwenye ile trei ya juu inayovuta karatasi, roller zake zitaukunja na kuchubua rangi. Mpangilio uwe hivi:

– dpi (nukta kwa kila inchi) 300 kama utaprinti kwa saizi ile ile, dpi 600 kama utakuza au mistari ni myembamba sana. A4 kwa dpi 300 inatoa pikseli 2480 × 3508, kwa dpi 600 inatoa 4960 × 7016.
– Skani kwa rangi hata kama mchoro ni wa wino mweusi. Ile chaguo ya "maandishi" au "nyeusi na nyeupe" hulazimisha kila pikseli iwe nyeusi tii au nyeupe pee, na mistari inatoka na meno kama ya msumeno.
– Zima marekebisho yote ya otomatiki: kunoa, kuondoa vumbi, kung'arisha.
– Hifadhi kwa TIFF au PNG. A4 ya dpi 600 kwa TIFF isiyobanwa ni kama MB 104, kwa hiyo ukienda stesheneri beba flashi yenye nafasi.

Hayo marekebisho ya otomatiki ndiyo yanayoua kanzu yetu. Mashine kubwa za stesheneri zimetengenezwa kwa ajili ya nyaraka. Zina kazi ya kusafisha mandharinyuma: rangi yoyote nyepesi iliyo karibu na nyeupe mashine inadhani ni karatasi iliyochakaa, inaifuta. Ile buluu ya mikunjo inakwenda yote, muuza kahawa anabaki na shimo jeupe kifuani. Mwambie kijana wa stesheneri aizime, na achague "picha" badala ya "hati". Skani ya kwanza ifungue pale pale kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100, tazama sehemu nyepesi kuliko zote. Kama haipo, skani upya kabla hujalipa.

Waliobobea karibuni muongeze.

---

pwani_sketch

Mkuu shukrani kwa nondo. Swali: sina skana na stesheneri ya huku ina ile mashine kubwa tu. Simu inafaa, au niache kabisa?

---

Lenzi50

Inafaa sana, na kwa kazi za A3 kwenda juu hata mimi ningesema simu kwanza. Tatizo la simu liko kwenye mwanga na kwenye pembe, kamera yenyewe haina shida.

Mwanga: kaa kivulini nje, saa tatu hadi saa nne asubuhi, au siku ya mawingu wakati wowote. Jua la moja kwa moja huonyesha kila kinyweleo cha karatasi. Usikae chini ya mti wala karibu na ukuta wa rangi, kwa sababu kijani cha majani au pinki ya ukuta hurudi juu ya karatasi nyeupe, na kanzu itakuwa ya kijani. Ndani ya nyumba, weka mchoro ubavuni mwa dirisha, zima taa zote, kisha upande wa pili simamisha manila nyeupe irudishe mwanga. Bila ile manila, nusu ya mchoro iliyo mbali na dirisha itakuwa na giza, na kosa hilo ni gumu kulirekebisha baadaye.

Taa ya ndani ikichanganyika na mwanga wa dirisha ni balaa lingine. Rangi mbili za mwanga kwenye karatasi moja hakuna programu inayozitenganisha vizuri. Chagua chanzo kimoja.

Pembe: bandika mchoro kwenye ubao kwa klipu, usimamishe wima. Lenzi ya simu iwe usawa wa katikati ya mchoro, na simu iwe wima kama ubao. Washa gridi ya kamera, linganisha kingo za karatasi na mistari. Ukiona juu pamebanwa kuliko chini, simu imeinama.

Usisogee karibu. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, ukikaribia kingo zinavimba kama tumbo la mtungi. Rudi nyuma mita moja na nusu hivi, tumia zumu ya mara 2 kama simu ina lenzi ya pili. Kama haina, rudi nyuma vile vile halafu kata picha, utapoteza pikseli lakini mistari itakaa sawa. Weka kipima muda cha sekunde 3 na simu iegemee kitu, kwa sababu kule kubonyeza tu kunatikisa.

Gusa skrini kwenye sehemu ya rangi ya kati, mfano ngozi ya mhusika. Ukigusa kwenye kanzu, simu itaona mwanga umezidi, itashusha picha nzima iwe giza. Zima HDR na zima "kupendezesha". Acha karatasi tupu kidogo ionekane pembeni, utaihitaji kwenye kurekebisha rangi.

Programu za simu za "kuskani hati" zisahau, zina ugonjwa ule ule wa mashine ya stesheneri.

---

Mzee_wa_Pikseli

Nimesoma yote, mmeeleza vizuri. Naongezea mawili kwenye skana halafu niende kwenye rangi.

Skana nyembamba za bei ya chini nyingi zinatumia sensa ya CIS. Inaona vizuri kile tu kilichogusa kioo. Karatasi ikiinuka milimita mbili tu, pale panatoka ukungu. Zile nene za CCD zinavumilia zaidi. Kwa hiyo kama una CIS, kunyoosha karatasi ni lazima, na juu weka kitabu kizito kabla ya kufunga kifuniko.

Mchoro wa A3 kwenye skana ya A4: skani vipande vitatu vinavyoingiliana sentimita 4 au zaidi. Usiugeuze mchoro kati ya kipande na kipande. Taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja, ukigeuza karatasi kivuli cha vinyweleo vyake kinageuka pia, na maungio yataonekana hata rangi zikilingana. Ng'oa kifuniko kama kinang'oka, telezesha karatasi tu.

Rangi. Fanya kwa mpangilio huu, kila hatua inategemea iliyotangulia: nyoosha na kata, sawazisha nyeupe kwa kudonoa ile karatasi tupu ya pembeni, rekebisha giza na mwanga kwa levels, ondoa madoa ya vumbi, hifadhi faili mama. GIMP ni bure na inafanya haya yote kwenye kompyuta, na kwenye simu Snapseed inatosha.

Kwenye levels ndipo wengi wanapoharibu. Kipimo kinaanzia 0, nyeusi tii, hadi 255, nyeupe pee. Wanavuta nyeupe hadi karatasi iwe 255 ili ionekane safi. Karatasi ya rangi za maji si nyeupe ya namna hiyo, ina umanjano kidogo. Ukiisukuma hadi 255, mikunjo ya kanzu iliyokuwa kwenye 240 inasukumwa nayo na kutoweka. Acha karatasi isimame kwenye 245 hivi. Wino mweusi uache kwenye 10 au 15, usiupeleke 0. Kisha weka mchoro halisi kando ya skrini, karibu na dirisha, skrini iwe na mwanga wa nusu, linganisha. Macho yakichoka rudi baada ya saa moja.

Faili mama huigusi tena. Kila saizi nyingine inatoka kwenye nakala yake.

---

Chapa_Njema

Swali la haraka: nimeona faili langu lina rangi kali kwenye kompyuta, nikiliweka mtandaoni linafifia. Kosa liko wapi?

---

Mzee_wa_Pikseli

Profaili ya rangi, yaani maelezo ndani ya faili yanayoiambia skrini izisome vipi rangi zake. Faili lako liko kwenye Adobe RGB au Display P3. Unapolitoa kwa ajili ya mtandao ligeuze liwe sRGB, na uchague kupachika profaili ndani yake. Neno ni kugeuza. Ukibandika jina la sRGB bila kugeuza, rangi zitapauka vile vile. Wa tableti hili linawahusu sana, maana baadhi ya programu za kuchorea zinaanzia kwenye P3.

---

Nuru_Vielelezo

Naingia kwenye kuposti.

Picha ya wima ya pikseli 1080 × 1350 inakaa vizuri Instagram na haibanwi ovyo. JPEG, ubora 80 hadi 85. Hesabu muhimu kwa wenye hofu ya kuibiwa: 1080 × 1350 kwa dpi 300 ni printi ya sentimita 9 × 11.4 tu. Mtu akiivuta hadi upana wa A3 anabaki na kama dpi 92, mistari ya wino itaonekana imevimba. Udogo wa faili ndio ulinzi wako wa kwanza. Na achaneni na ile imani kwamba "dpi 72" hulinda picha. Kwenye skrini dpi haina kazi, zinazohesabiwa ni pikseli. Picha ya pikseli 5000 iliyoandikwa dpi 72 ni zawadi kwa mwizi.

Posti moja iwe na picha tatu: mchoro mzima pamoja na ukingo wa karatasi, kipande cha karibu (mkono ulioshika birika, mahali wino ulipokutana na rangi), na hatua ya katikati, penseli au wino kabla ya rangi. Ile ya karibu ndiyo inayomfanya mtu asimame, kwa sababu anaona vinyweleo vya karatasi na anajua ni kazi ya mkono. Usianze na hatua ya katikati.

Maelezo chini ya picha: jina la kazi, vifaa, saizi kwa sentimita, mwaka. Kisha sentensi mbili za kwa nini umeuchora, kwa maneno yako ya kila siku. Mfano: "Muuza kahawa, wino na rangi za maji, sm 21 × 29.7, 2025. Nilitaka kuona nyeupe ngapi zinaingia kwenye kanzu moja." Msururu mrefu wa alama za reli (hashtagi) hausaidii, tatu au nne zinazohusu zinatosha. Jaza pia sehemu ya maelezo ya picha kwa wasioona: "Mzee wa kanzu nyeupe amebeba birika la kahawa mkono wa kulia, vikombe vidogo kushoto, nyuma yake ukuta wa mawe". Dakika moja tu, na kipofu naye anaupata mchoro.

Posti moja au mbili kwa wiki, kazi 10 zikuvushe wiki tano hadi kumi huku unachora nyingine. Ukizitoa zote siku moja, wiki ya pili huna kitu.

WhatsApp: ukituma kama picha inabanwa. Ukimtumia mhariri au mtu wa kuprinti, tuma kama hati.

---

Kizibo

Nuru hujagusia alama ya umiliki juu ya picha. Mimi nasema iwekwe, tena kubwa katikati. Bila hivyo kesho unaikuta kwenye fulana.

---

Nuru_Vielelezo

Ndugu Kizibo, hapo tunatofautiana. Alama kubwa katikati ya uso wa muuza kahawa inamfukuza yule uliyetaka auone, na mwizi wa leo anaifuta kwa dakika chache. Ya kona nayo inakatwa kwa mkasi. Inayofaa ni saini ndogo iliyochorwa ndani ya mchoro penye mistari mingi, mfano kwenye mkunjo wa kanzu au kwenye jiwe la ukuta. Kuitoa hapo lazima achore upya.

---

Kizibo

Saini ndani ya mistari nakubali. Kwa faili la kumtumia mteja aone kabla hajalipa, bado nasimama na alama kubwa.

---

Nuru_Vielelezo

Hapo nakuunga mkono asilimia mia. Na liwe la pikseli 800 tu.

---

Sheria_na_Rangi

Kwenye hakimiliki kuna mambo ya msingi ambayo chipukizi wengi wanayakosea.

Hakimiliki huanza pale mchoro unapowekwa kwenye karatasi. Huhitaji kusajili ndipo uwe mwenye nayo. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo yenye dhamana. Zanzibar ina sheria yake na chombo chake, COSOZA. Kenya ni Sheria ya Hakimiliki ya 2001 chini ya KECOBO. Bara na Kenya ulinzi ni uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Nchi zote mbili zimo kwenye Mkataba wa Berne, Kenya tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, kwa hiyo mchoro wako unatambuliwa pia kwenye nchi nyingine wanachama.

Kusajili kunakupa ushahidi. Siku ya mgogoro utaulizwa nani alianza, na cheti chenye tarehe kinaongea. Hata bila cheti tunza haya: karatasi halisi, michoro ya awali ya penseli, faili mama lenye tarehe, na picha za hatua za katikati. Usitegemee taarifa zilizofichwa ndani ya faili la JPEG, mitandao mingi huziondoa ukipandisha picha.

Ukikuta kazi yako imetumika: piga picha ya skrini yenye anwani ya ukurasa na tarehe KABLA hujaandika chochote. Kisha jaza fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao husika, ukiambatanisha kiungo cha posti yako ya kwanza. Ukianza na matusi kwenye komenti, mhusika anafuta, na ushahidi umeondoka naye.

La mwisho: mtu akinunua mchoro wako wa karatasi amenunua karatasi. Haki ya kuuchapa kwenye kalenda, vikombe au jalada la kitabu inabaki kwako mpaka uitoe kwa maandishi. Andika kwenye risiti: "Mauzo haya hayahamishi hakimiliki."

---

pwani_sketch

Na mtu akichora kwa mtindo wangu je? Kanzu zile zile, kuta za mawe zile zile, ila mchoro wake mwenyewe.

---

Sheria_na_Rangi

Mtindo haulindwi, kinacholindwa ni mchoro wenyewe. Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alikuwa akipaka wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, juu ya mbao za hardboard za mraba, Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alifariki 1972. Jamaa na wanafunzi wake wakaendeleza, na leo mtindo unaitwa kwa jina lake na unachorwa na watu wengi sana. Hakuna sheria inayomzuia mtu kupaka chui wa madoadoa kwa mtindo ule. Kunakili ubao fulani wa mchoraji fulani, chui yule yule kwenye mti ule ule, hilo ni jambo jingine.

---

Chapa_Njema

Kuprinti nakuja mimi, ndiyo kazi ya kila siku.

Kwanza aina ya mashine. Leza huweka unga juu ya karatasi na kuuyeyusha. Ni haraka na nafuu, ila ukikunja unapasuka, na kwenye karatasi yenye mabonde unga hauingii mabondeni, unapata madoadoa meupe. Wino wa dye, wenye rangi iliyoyeyuka, unang'aa vizuri lakini jua linaula. Wino wa pigmenti, wenye chembechembe za rangi, ndio wa printi za kuuza. Uliza swali moja tu dukani: "Mashine yenu ni ya pigmenti?" Karatasi iwe gramu 200 hadi 300, isiyong'aa, isiyo na asidi.

Acha ukingo mweupe wa sentimita 1 hadi 1.5 kuzunguka mchoro. Unamwezesha mnunuzi kuweka fremu bila kufunika mchoro, na unakuepusha na kukatwa vibaya. Kama lazima rangi ifike ukingoni, ongeza milimita 3 kila upande, A4 inakuwa mm 216 × 303. Mwambie fundi azime ile ya kutosheza ukurasa, la sivyo mashine itapunguza mchoro kidogo bila kukuuliza.

Skrini inawaka, karatasi haiwaki. Kwa hiyo printi hutoka na giza kuliko ulivyoona, na panapoumia zaidi ni ngozi nyeusi: uso wa muuza kahawa unaziba, macho na mdomo vinamezwa na giza moja. Nyanyua rangi za kati za uso kidogo kwenye nakala ya kuprinti, wino wa mistari uache. Buluu kali na kijani cha majani mabichi navyo hupoa, CMYK (wino nne za kuprintia) haivifikii.

Kabla ya nakala 20, printi kipande cha majaribio: panga kwenye A4 moja vipande vitatu kutoka mchoroni (uso, mikunjo ya kanzu, ukuta), kila kimoja mara tatu: kama kilivyo, kimeangazwa asilimia 8, kimeangazwa asilimia 15. Toka nacho nje mlangoni ukitazame kwa mwanga wa mchana. Chini ya taa za tyubu za dukani utadanganyika.

Toleo dogo liandike kwa penseli chini ya mchoro: kushoto 3/20 (nakala ya 3 kati ya 20), katikati jina, kulia saini. Ukishaandika 20, ni 20. Ukiongeza ya 21 umemdhulumu kila aliyekwisha kununua.

---

Kizibo

Chapa, bei je? Watu wanauza printi kwa kubahatisha.

---

Chapa_Njema

Nakupa hesabu kwa namba za mfano, kila mtu aweke za kwake.

Nakala 20 × sh 5,000 = 100,000. Majaribio 3 = 15,000. Mfuko wa plastiki na kadibodi ya nyuma 20 × 1,500 = 30,000. Nauli 15,000. Jumla 160,000. Usigawe kwa 20. Chukulia nakala mbili zitaharibika au utazitoa bure, gawa kwa 18: karibu 8,890 kila moja.

Ukiuza 20,000 mkononi, unabaki na kama 11,100. Lakini duka au ukumbi ukichukua asilimia 40, unapokea 12,000 na unabaki na 3,100. Hapo ndipo chipukizi anapopandisha bei dukani na kuuza nafuu inboksi, mwenye duka akigundua mlango umefungwa. Bei iwe moja kila mahali. Ukitaka kubaki na 10,000 hata dukani, bei ni (8,890 + 10,000) ÷ 0.6, yaani kama 31,500. Kama soko lako halifiki hapo, tafuta pa kupunguza gharama au uza mwenyewe tu.

---

Fundi_Fremu

Wakuu naona mmefika kwenye fremu bila fundi.

Pwani adui ni unyevu. Karatasi ikigusa kioo, jasho la usiku linaganda kati yao, wino unanata kwenye kioo, na baada ya muda inaota madoa ya kahawia ya ukungu. Ndiyo kazi ya maunti, ile kadibodi yenye dirisha: sentimita 5 juu na pembeni, 6 chini, na dirisha liwe dogo kuliko karatasi kwa milimita 4 kila upande.

Mchoro ushikwe sehemu mbili tu za juu, kwa utepe wa karatasi usio na asidi. Usibandike pande zote nne. Karatasi hutanuka ikivuta unyevu, ikikosa pa kwenda inavimba mawimbi. Selotepu ya kawaida ni marufuku, gundi yake inageuka njano na kuloweka mpaka mbele.

Ubao wa MDF wa nyuma usiguse mchoro, weka karatasi nzito isiyo na asidi katikati. Ziba nyuma kwa utepe mpana dhidi ya wadudu. Kona mbili za chini bandika vipira vidogo ili fremu isilale ukutani, hewa ipite. Kuta za mawe na chokaa za Zanzibar, Lamu na Mombasa zinatoa unyevu mwaka mzima, bila vipira nyuma panaoza.

Kwenye maonyesho, katikati ya kila mchoro pawe sentimita 150 kutoka sakafuni. Pima katikati ya mchoro, usipime juu ya fremu, hasa kazi zikiwa za saizi tofauti. Kwa walio Dar, nendeni kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni mtazame kazi zinavyotundikwa: umbali kati ya kazi na kazi, taa zinapopiga, karatasi ya maelezo ilipo.

---

pwani_sketch

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho: wa penseli na mkaa je? Unachafuka kila ukiguswa, na kwenye kioo cha skana unaacha unga.

---

Wino_Mweusi (mleta mada)

Pulizia dawa ya kushika mkaa. Mchoro usimame wima, simama sentimita 30 mbali, anza kupuliza nje ya karatasi, pita moja kwa moja hadi utoke upande wa pili. Safu mbili au tatu nyepesi, dakika 10 kati ya safu na safu, mahali penye hewa. Safu moja nzito italowesha mkaa na kuacha matone. Spreyi ya nywele usitumie, karatasi itakuwa ya njano.

Dawa inatia giza kidogo, kwa hiyo mkaa upige picha KABLA ya kupulizia, kwa njia aliyoeleza Lenzi50. Skana iache, kioo kinachuna mkaa hata ukiwa umepuliziwa. Penseli ya B au HB inaweza kwenda kwenye skana ikishakauka dawa, ila 6B kwenda juu inang'aa kama bati chini ya taa ya skana, nayo ipige picha kivulini.

Jumamosi nitaweka hapa jedwali la saizi zote za pikseli, A5 hadi A2, dpi 300 na 600.